Kadi Kuukuu, Bei Mpya: Nani Hupanga Thamani?

Tarehe 25 Juni 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, timu za NBA zilichagua makinda wa msimu uliofuata. Wa pili kuitwa alikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21 na Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Msimu huo kampuni za Topps na Panini zilichapa kadi za vijana wote wawili, na watoto wakazikuta katika pakiti zilezile. Leo kadi ya kawaida ya Thabeet ya mwaka ule hupatikana kwa dola moja au mbili. Upande wa Curry, kadi moja ya Panini iliyochapwa nakala moja tu, yenye sahihi yake na kipande cha jezi chenye nembo ya NBA, ilinunuliwa mwaka 2021 kwa dola milioni 5.9.

Wengi wetu katika chama tumekulia katika nyumba ambamo jina la Thabeet lilitajwa kwa fahari, hata na shangazi wasiojua kanuni moja ya mpira wa kikapu. Ndiyo maana tofauti hiyo ilitugusa, na muhula huu tukaamua kuichunguza. Tumesoma historia ya kadi za wanamichezo, tumezunguka kwenye meza za maonyesho ya kadi siku za Jumamosi, na tumefungua maboksi ambayo wazazi wa baadhi yetu waliyaweka tangu kabla hatujazaliwa. Tulitaka kujua kwa nini kadi moja kuukuu hununua nyumba na nyingine hainunui hata chapati, na ni nani hasa anayepanga.

Maneno kwanza

Kabla ya kuandika ilibidi tukubaliane kuhusu msamiati. Kadi iliyochapwa katika msimu wa kwanza wa mchezaji tumeiita kadi ya ukinda, kwa kuwa watangazaji wetu wa michezo tayari humwita mchezaji mchanga kinda. Kazi ya kuikagua kadi na kuipa alama kuanzia 1 hadi 10 tumeiita kupima daraja. Mwalimu wetu mmoja alitukumbusha pia kwamba Kiswahili hutofautisha bei na thamani. Bei ni kile kinachotajwa mezani leo. Thamani ni kile ambacho kitu kinastahili machoni pa mwenye nacho. Katika biashara hii mawili hayo hutembea pamoja kwa muda, kisha hupoteana.

Kutoka pakiti ya sigara hadi bazoka

Kadi hizi zilianza kama kipande cha karatasi ngumu cha kuzuia sigara zisivunjike ndani ya pakiti. Katika karne ya 19 kampuni za tumbaku za Marekani ziliona kwamba kipande hicho kikichapwa picha ya mchezaji wa besiboli, mvutaji atarudi kununua pakiti nyingine ili apate picha nyingine.

Kadi mashuhuri kuliko zote za enzi hiyo ni ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco. Uchapaji wake ulisimamishwa mapema. Wapo wasemao Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa sababu yake, na wapo wasemao alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, nakala zinazojulikana leo ni kati ya 50 na 60 hivi. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Baadaye kadi zilihama kutoka kwenye sigara zikaingia kwenye ubani wa kutafuna. Hapa sisi wa asili ya Afrika Mashariki tunaifahamu kampuni inayohusika bila kujijua. Topps ya Brooklyn ndiyo iliyokuwa ikitengeneza ubani wa Bazooka, na wazazi wetu wa Dar es Salaam hadi leo huuita ubani wowote bazoka. Mwaka 1952 mfanyakazi wa Topps aitwaye Sy Berger alibuni kadi kubwa za rangi, zenye takwimu za mchezaji mgongoni, na huo ukawa mfano unaofuatwa hadi sasa.

Fungu la mwisho la kadi za mwaka huo lilichelewa kufika madukani. Msimu ulikuwa ukingoni na watoto walikwisha hamishia macho kwenye mchezo mwingine. Mabaki yakalala ghalani kwa miaka. Berger mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1960, baada ya kushindwa kuyauza hata kwa bei ya kutupa, aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Ndani yake kulikuwa na kadi za Mickey Mantle wa New York Yankees. Nyingine nyingi zilitupwa na akina mama waliosafisha vyumba vya wana wao walipoenda jeshini au chuoni.

Mwezi Agosti 2022 nakala moja safi ya kadi hiyo ya Mantle iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mwenye nayo alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Hiyo wala si kadi ya ukinda ya Mantle, maana kampuni ya Bowman ilimchapa mwaka mmoja kabla, 1951. Kwa hiyo uzee peke yake hautoshi, na kutangulia peke yake hakutoshi. Kadi ya 1952 ina uchache, ina jina kubwa, na ina hadithi ya bahari ambayo kila mwenye meza katika maonyesho huisimulia kana kwamba alikuwapo ndani ya tishari.

Miaka ya kuchapa bila kikomo

Kufikia miaka ya 1980, watoto wa enzi ya Mantle walikuwa watu wazima wenye fedha, na walizitaka tena kadi zilizotupwa na mama zao. Bei zikapanda. James Beckett, aliyekuwa mwalimu wa takwimu chuo kikuu, alikuwa amekwisha anza kuchapa miongozo ya bei, na mwaka 1984 akaanzisha jarida la kila mwezi. Sasa mtoto yeyote aliweza kufungua ukurasa na kuona mali yake imeongezeka kiasi gani tangu mwezi uliopita. Kadi ikaacha kuwa picha ya shujaa ikawa hisa ya kampuni. Mwaka 1989 kampuni mpya ya Upper Deck iliingia sokoni na kadi za karatasi bora, namba 1 ikiwa ya Ken Griffey Jr. Kampuni zilizotangulia, Topps, Fleer, Donruss na Score, nazo zikaongeza kasi ya mitambo.

Baba wa mwenzetu mmoja alifika Marekani kutoka Mombasa mwaka 1988. Mchana alisoma, usiku aliegesha magari ya wageni hotelini. Wenzake kazini walikuwa wakinunua maboksi ya kadi za besiboli na kuyaweka bila kuyafungua. Muuzaji wa duka la karibu alimhakikishia kwamba baada ya miaka ishirini maboksi hayo yangelipa ada ya chuo ya watoto wake, watoto ambao hata hakuwa amewapata bado. Mzee akaanza kuweka boksi moja au mawili kila mshahara ulipotoka, kwa dola 15 hivi kila moja. Mwaka 1992 alikuwa na maboksi 64, mengi yakiwa ya Donruss ya 1990 na Fleer ya 1991. Yakahamishwa nyumba tatu. Mama alipotaka kona ile kwa ajili ya mashine ya kufulia, aliambiwa asubiri.

Barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, Mzee aliyapakia yote garini, akamchukua binti yake, wakaenda kwa mnunuzi. Mnunuzi hakuyafungua. Aliyahesabu kwa macho, akasema dola 6 kwa kila boksi, jumla dola 384. Kwa dola ya mwaka 1990, iliyokuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya dola ya leo, hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Vitabu vya muhula wa kwanza vingeila karibu fedha yote hiyo. Ada ikalipwa kwa mkopo na kwa zamu za ziada za Mzee.

Tulimuuliza kama anamlaumu muuzaji wa zamani. Akatikisa kichwa. “Wanangu, kila mtu aliweka,” akatuambia. “Sasa nani angebaki wa kuja kununua?”

Hatujapata maelezo bora zaidi ya enzi hiyo kuliko sentensi hizo mbili. Kadi za 1952 zilipanda kwa sababu watu walizitupa. Kadi za 1990 hazikupanda kwa sababu watu walizitunza. Hakuna mama aliyezitupa, hakuna tishari lililozimwaga. Zimelala katika vyumba vya chini vya nyumba nchi nzima, zikiwa safi kama siku ya kwanza. Mgomo wa wachezaji wa besiboli ulioanza Agosti 1994, hadi fainali za mwaka huo zikafutwa, ulimalizia kazi. Mashabiki walikasirika, maduka yakafungwa, na kadi za miaka ile zikapewa jina la takataka.

Mali yenye daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye biashara ya kadi walilifahamu hilo kwa njia yao. Mwaka 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA ya kupima daraja. Unatuma kadi yako, wakaguzi wanaangalia pembe, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, kisha inarudi ndani ya kasha gumu la plastiki ikiwa na alama. Kampuni huandika pia katika daftari lake ni nakala ngapi za kadi hiyo zimewahi kupata kila alama. Hivyo mnunuzi hununua kadi, na hununua pia nafasi ya kadi hiyo katika orodha.

Kadi ya Griffey ya 1989 inaonyesha nguvu ya daftari. Makumi ya maelfu ya nakala zimepimwa, na zilizopata alama 10 ni zaidi ya 4,000. Si adimu hata kidogo. Hata hivyo nakala ya alama 10 huvuka dola 1,000, ilhali ya alama 8 huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tuliziweka picha za kadi hizo mbili kando kwa kando, tukapitishiana simu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ipi ni ipi. Fedha yote inakaa katika tofauti ambayo macho ya kawaida hayaioni.

Basi ni nani anayempima mpimaji? Kadi ya kwanza kabisa kupewa cheti na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, ile iliyonunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na mchezaji wa hoki ya barafu Wayne Gretzky pamoja na Bruce McNall. Ilipewa alama 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuimiliki, alikiri mbele ya mahakama kwamba kingo zake zilikatwa ili ionekane safi. Kwa kanuni za upimaji, kadi iliyokatwa haistahili alama yoyote. Lakini hadi sasa kadi hiyo haijawa karatasi bure, kwa sababu imepitia mikono mingi mashuhuri na udanganyifu wenyewe umekuwa sehemu ya umaarufu wake.

Homa ya karantini

Tuliozaliwa baada ya mwaka 2000 tuliikuta homa ya pili. Mwaka 2020 watu walikuwa wamefungiwa nyumbani, michezo imesimama, na wengi wakapanda dari kufungua maboksi ya utotoni. Kati ya Aprili na Mei mwaka huo ESPN ikaonyesha mfululizo wa The Last Dance kuhusu Michael Jordan. Kadi ya Jordan ya Fleer ya 1986, yenye alama 10, iliyokuwa chini ya dola 100,000 mapema mwaka huo, iliuzwa Januari 2021 kwa dola 738,000. Machi 2021 PSA ilisimamisha huduma zake nyingi kwa kuzidiwa na mrundikano wa kadi. Mei mwaka huo maduka ya Target yakaacha kwa muda kuuza kadi za wanamichezo, baada ya watu kupigana kwenye maegesho ya duka mojawapo huko Wisconsin.

Kisha homa ikashuka. Kabla mwaka 2022 haujaisha, kadi ileile ya Jordan, yenye alama ileile, ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 250,000. Jordan hakuwa ameharibu lolote. Magoli yake ni yaleyale, vikombe vyake sita ni vilevile. Waliobadilika ni wanunuzi: michezo ilirudi, watu wakarudi kazini, na waliokopa ili wanunue wakahitaji kuuza kwa pamoja.

Makinda wa kwetu

Tukiwa na haya mkononi, tulirudi kwa wachezaji wanaotuhusu. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kuingia NBA mwaka 1991. Mara nne alitangazwa mlinzi bora wa mwaka, akaingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 2015, na nyumbani Kongo alijenga hospitali yenye jina la mama yake. Alifariki Septemba 2024. Mtu angetarajia kadi yake ya ukinda iwe ghali. Lakini ilichapwa msimu wa 1991, katikati ya miaka ile ya kuchapa bila kikomo, na nakala ya kawaida isiyopimwa hupatikana kwa bei ya soda. Kosa si la Mutombo, ni la mwaka.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake baadhi ya wanachama wetu wamekulia nacho, alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Mgogoro wa mkataba kati ya ligi na wachezaji ulichelewesha kadi za ukinda za kundi lake hadi msimu wa 2012, zikatoka pamoja na za kundi lililofuata. Katika pakiti hizo watoto walimtafuta Kyrie Irving na Anthony Davis. Mlinzi mrefu asiyefunga magoli mengi alipitwa tu.

Na Thabeet? Soko humlipa mfungaji na bingwa. Curry ametwaa ubingwa mara nne. Thabeet alipelekwa ligi ya maendeleo Februari 2010, katika msimu wake wa kwanza, na akazunguka timu kadhaa hadi 2014. Kwa hesabu ya soko, dola moja au mbili ni bei ya haki. Lakini soko hilo hupangwa na watu walioangalia michezo wakiwa Chicago au Los Angeles. Hakuna safu katika daftari la PSA ya kijana wa Dar es Salaam aliyewafanya watoto wa mitaa ya Sinza na Upanga waamini kwamba mlango ule unapitika. Mmoja wetu amenunua kadi yake kwa dola moja na senti hamsini, akaiweka kwenye fremu, na hauzi.

Kabla hujauza boksi la nyumbani kwenu

Najua ndugu msomaji unaweza kuwa na boksi kama la Mzee, kwa hiyo tumekusanya tuliyojifunza. Angalia mwaka kwanza, ulioandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa kadi. Ikiwa ni kabla ya katikati ya miaka ya 1970, tulia na uitafute vizuri. Ikiwa ni kati ya 1987 na 1993, usiahidi mtu ada. Usiifute kadi kwa kitambaa, usiinyooshe kwa pasi, na usikate kingo zake. Unapotafuta bei, tazama bei zilizolipwa kweli, si zile ambazo wauzaji wametaja wakisubiri mteja. Kupima daraja hugharimu makumi ya dola kwa kadi moja, kwa hiyo usitume kadi ya dola tano ikapimwe kwa dola ishirini na tano. Na ukitajiwa bei ya haraka huku unahimizwa uamue hapohapo, rudi nyumbani ukafikiri. Mnunuzi mwenye haja atakuwepo hata kesho.

Zaidi ya yote, muulize aliyeweka boksi hilo aliliweka kwa ajili gani, na uandike majibu yake. Sisi tulipofanya hivyo tulijifunza bei za 1990, majina ya hoteli zilizokwisha bomolewa, na namna kijana wa Mombasa alivyopanga maisha ya watoto ambao hawajazaliwa kwa dola 15 kila mshahara.

Mzee ametupatia maboksi manne kati ya yale 64. Tumeyakabidhi kwa darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza, ambalo wiki hii linajifunza namba kubwa na vilinganishi. Kila mwanafunzi anafungua pakiti, anasoma takwimu za mgongoni kwa Kiswahili, na kueleza nani amepiga zaidi ya nani na mwaka gani. Walimu wanaotaka boksi la muhula ujao wazungumze na katibu wa chama. Ubani wowote utakaokutwa ndani una umri wa miaka zaidi ya thelathini, na tunawaomba wanafunzi wasiutafune.